Kiwanda cha Arusha, makao makuu ng'ambo: kwanza tukubaliane namna ya kuhesabu

Baadhi ya viwanda vya Arusha na Moshi ni matawi ya kampuni kubwa. Kiwanda cha bia cha Arusha, kwa mfano, ni ndugu wa vile vya TBL (Tanzania Breweries) vilivyoko Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, na tangu 2016 TBL yenyewe iko chini ya AB InBev, kampuni ya bia yenye makao yake Ubelgiji. Mmiliki wa aina hii akiamua kuingiza mifumo ya kidijitali, anataka viwanda vyake vyote viende pamoja. Sensa, yaani vihisi, zinafungwa kwenye mitambo, daftari la zamu linahamia kwenye kishikwambi.

Vifaa vinanunulika. Kazi ngumu ni hesabu. Chukulia viwanda viwili vyenye laini (safu za mitambo ya uzalishaji) zinazofanana na zamu ya dakika 480. Katika kila kimoja, laini imesimama dakika 40 kwa hitilafu na dakika 40 nyingine mafundi wakibadilisha saizi ya chupa. Arusha wanahesabu zote kuwa muda uliopotea: dakika 400 kati ya 480, asilimia 83. Kiwanda cha pili kinasema kubadilisha saizi kulikuwa kwenye ratiba, kwa hiyo kinagawanya 400 kwa 440 na kupata asilimia 91. Kazi ni ileile, lakini kwenye skrini ya makao makuu Arusha inaonekana imezembea. Meneja atabanwa kwa kosa asilolifanya, na mwezi unaofuata naye ataanza kuficha dakika. Hapo mfumo wa gharama kubwa unakuwa ghala la uongo.

Kwa hiyo, kabla ya zabuni, liandikwe jedwali moja la sababu za laini kusimama, litumike viwanda vyote. Hapa kwetu liwe kwa Kiswahili, maana anayelijaza ni opereta wa zamu ya usiku, na sababu ziwe chache. Zikifika sitini atabonyeza ya kwanza anayoiona. Makao makuu yaamue maana ya kila kipimo na kanuni za usalama. Laini ipi ianze na nani afundishwe kwanza, hayo kiwanda kinayajua vizuri zaidi.

Lipo pia suala la kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba nchini kote. Kiwanda kinachotegemea seva ya ng'ambo kwa kila kitu kinapofuka siku kama hiyo. Iwepo seva ndogo hapahapa kiwandani, itunze data na kuituma mawasiliano yakirudi.

Tena, mifumo ikiungana, hatari nazo zinaungana. Machi 2019 wadukuzi walifunga kompyuta za Norsk Hydro, kampuni ya aluminiamu ya Norway yenye wafanyakazi wapatao 35,000 katika nchi 40. Kampuni ilikataa kuwalipa wadukuzi ili wazifungue, na baadhi ya viwanda vikaendeshwa kwa mikono na karatasi. Hilo liliwezekana kwa kuwa walikuwapo watu wanaoujua mtambo hata skrini ikizimika. Inaniuma kuona fundi mzoefu akiwekwa kando mfumo mpya unapoingia. Aitwe tangu siku sababu za kusimama zinapoandikwa. Na mfumo ukishatulia, yeye na opereta mmoja ndio wapelekwe kiwanda kinachofuata, wakae huko mpaka zamu zote ziutumie bila kuwaita.