Kasi ya Tovuti na Nafasi Yake Katika Google: Dhana Potofu na Ukweli

Tangu Aprili 2010, Google ilipotangaza kwamba kasi ya tovuti imekuwa mojawapo ya vigezo vya kupanga matokeo ya utafutaji, wenye tovuti wameambiwa mambo mengi ambayo yana chembe ya ukweli ndani yake, na ni chembe hiyo inayoyafanya yawe magumu kung'oka.

Dhana: Tovuti yenye kasi zaidi ndiyo inayotangulia.

Tangazo la 2010 lenyewe lilieleza kuwa kigezo hicho kiligusa chini ya asilimia 1 ya maswali ya utafutaji, na kilipoanza kutumika kwa utafutaji wa simu mnamo Julai 2018, Google ilisema kingeathiri tu kurasa zenye ucheleweshaji mkubwa kabisa. Kinachotazamwa kwanza ni iwapo ukurasa unajibu alichouliza mtafutaji, hivyo ukurasa mzito wenye jibu kamili unaweza kuupita ukurasa mwepesi usio na la maana. Kasi hupata uzito pale kurasa kadhaa zinapokaribiana kwa ubora wa maudhui, na katika mada zenye ushindani hali hiyo si nadra.

Dhana: Alama 100 katika PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi ya kurasa, huhakikisha nafasi ya juu.

Hii ndiyo dhana inayopoteza fedha na muda mwingi kuliko zote. Alama hiyo ya 0 hadi 100 hutokana na jaribio linaloendeshwa katika mazingira ya kuigiza, nayo haitumiki kupanga matokeo. Kinachotumika ni takwimu za watumiaji halisi wa kivinjari cha Chrome, zinazokusanywa kwa kipindi cha siku 28, kuhusu mambo matatu: kitu kikubwa zaidi kinachoonekana ukurasa unapofunguka kitokee ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na vilivyomo visihamehame vinapopakiwa, kwa kipimo kisichozidi 0.1. Kila sharti linapaswa kutimizwa katika angalau asilimia 75 ya ziara. Sharti la pili liliingia Machi 2024, likachukua nafasi ya kipimo kilichotazama mguso wa kwanza pekee. Naliona badiliko hilo kuwa la haki, kwa sababu anayejaza fomu ndefu huendelea kuteseka hata baada ya mguso wa kwanza kuitikiwa vyema.

Kwa hiyo fundi anaweza kufurahia alama 95 ilhali wasomaji wenye simu dhaifu wanasubiri, na mwingine akakata tamaa kwa alama 60 ilhali watumiaji wake wote wanahudumiwa vizuri. Tena, marekebisho ya leo hayaonekani kesho katika takwimu hizo, kwa kuwa siku za nyuma bado zimo ndani ya hesabu.

Dhana: Kuchelewesha upakiaji wa picha zote huharakisha ukurasa.

Mbinu hiyo inafaa kwa picha zilizo chini, ambazo msomaji hajazifikia. Ikitumiwa kwa picha kuu ya juu, huchelewesha kitu kilekile kinachopimwa kwa sekunde 2.5. Inafaa pia kila picha iandikiwe upana na urefu wake katika msimbo, ili kivinjari kiitengee nafasi mapema. Bila hivyo maandishi husukumwa chini ghafla, na msomaji hujikuta amebofya kitufe ambacho hakukikusudia.

Dhana: Tovuti ikipendeza kwenye kompyuta, inatosha.

Google husoma na kuhifadhi toleo la simu la tovuti, na mnamo Oktoba 2023 ilitangaza kuwa imekamilisha safari ya kuhamia mfumo huo. Aya iliyoondolewa katika toleo la simu ili kupunguza msongamano haihesabiwi, hata kama ipo kwenye kompyuta. Tangu Januari 2017, vilevile, kurasa za simu zinazomfunika msomaji kwa dirisha la tangazo mara tu anapotoka katika matokeo ya utafutaji zinaweza kushushwa nafasi.

Dhana: Seva ya polepole humsumbua mgeni tu.

Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, inapochelewa kujibu au inapotoa makosa mara kwa mara, roboti za Google, yaani programu zake za kusoma tovuti, hupunguza idadi ya kurasa zinazosomwa. Tovuti ndogo haitahisi tofauti kubwa, lakini yenye kurasa laki kadhaa inaweza kuchelewa sana kuona kurasa zake mpya zikiingia katika matokeo.