Simulizi ya siku ya kawaida: maana yake na kazi ya kuikusanya

Simulizi ya siku ya kawaida ni maelezo ya mtu mmoja, kwa maneno yake mwenyewe, kuhusu anayoyafanya tangu anapoamka mpaka anapolala: kachota maji saa ngapi, kamsalimia nani njiani, kala nini, kalipwa shilingi ngapi. Inapokusanywa kwa watu wa transijenda na nonbinari, maana yake haibadiliki. Si maelezo ya kesi, si habari ya gazeti, wala si ushuhuda.

Ushuhuda unahitaji kuelezwa kidogo. Huku Nyanda za Juu Kusini za Tanzania umbo lake linajulikana na kila aliyekalia benchi la kanisa, awe Mmoravian wa Rungwe au Mlutheri wa Iringa: nilikuwa hivi, nikateseka, jambo likatokea, leo niko hivi. Msimuliaji akiona simu imewekwa mezani kurekodi, mara nyingi hushika umbo hilo bila kuombwa. Ataanza na siku aliyofukuzwa nyumbani, amalizie na siku aliyopata amani. Yote yanaweza kuwa kweli tupu, ila hiyo si siku ya kawaida. Hifadhi ya simulizi ikijaa shuhuda peke yake, msomaji wa miaka 50 ijayo ataamini watu hawa hawakuwahi kupika maharage.

Maneno yenyewe kwanza. Wanaofundisha masuala haya Tanzania hutenganisha jinsi, yaani maumbile mtu aliyozaliwa nayo, na jinsia, yaani nafasi ambayo jamii humpa mtu kwa kumwona ni wa kike au wa kiume. Transijenda ni mtu ambaye jinsia anayojijua nayo hailingani na aliyotajiwa alipozaliwa. Nonbinari ni asiyejiona kuwa mwanamke tu wala mwanamume tu. Huntha ni jambo jingine: hao ni watu waliozaliwa na maumbile yasiyoangukia upande mmoja waziwazi, na kuwachanganya na transijenda ni kosa la kwanza la waandishi wengi. Shoga nalo si jina la kumpachika kila mtu. Pwani bado ni rafiki wa kike wa mwanamke, kwingine ni tusi. Neno sahihi kwa simulizi ni lile analojiitia msimuliaji. Wapo wasio na neno lolote, wanaosema tu "mimi niko hivi". Basi andika hivyo.

Kwa nini siku ya kawaida? Kwa sababu jinsia huku kwetu haionekani kwenye maelezo marefu ya nafsi. Inaonekana msibani. Wanawake wako ndani, wamekaa kwenye mikeka, au jikoni kwenye masufuria. Wanaume wako nje kwenye moto, na baadaye makaburini na majembe. Mtu wa nonbinari anayefika na mfuko wa sukari ana sekunde chache za kuamua aelekee wapi, na ua mzima unatazama. Muulize alikaa wapi, nani alimsogezea kiti, alipewa kazi gani. Dakika kumi za msiba mmoja hueleza kuliko saa nzima ya "unajisikiaje".

Kwaya ni mahali pengine pa namna hiyo. Soprano na alto huvaa sare moja, sauti za tena na besi nyingine, na sauti ya mtu haiulizi sare. Wakala wa pesa naye: kabla hujathibitisha muamala, jina lililosajiliwa kwenye laini hutokea kwenye kioo. Aliyezoeleka sokoni kwa jina moja anatokea kwa jina jingine, la kwenye kitambulisho cha NIDA, na mteja anauliza, "Huyu ndiye nani?" Kuna milango ya choo cha stendi, visanduku vya ME na KE kwenye fomu, na vyeti vya shule. Hilo la vyeti lilishafika mahakamani kwa jirani zetu: mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru baraza la mitihani la nchi hiyo libadilishe jina kwenye cheti cha Audrey Mbugua na kuondoa alama ya jinsia. Hukumu kama hiyo huingia kwenye vitabu vya sheria. Namna mtu alivyokunja bahasha yenye cheti cha zamani ili mwajiri asisome mstari wa jina haiingii popote, isipokuwa ikisimuliwa.

Kazi hii ina hifadhi kubwa ulimwenguni. Hifadhi ya GALA ya Johannesburg, Afrika Kusini, ilianzishwa mwaka 1997. Chuo Kikuu cha Victoria nchini Kanada kina hifadhi nzima ya kumbukumbu za watu wa transijenda, na katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Andrea Jenkins alikusanya karibu mahojiano 200. Huko wasimuliaji wengi hutoa jina na sura. Ukiuchukua utaratibu huo mzimamzima ukaupeleka Mwanjelwa ya Mbeya au Kihesa ya Iringa, utamuumiza mtu.

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe wa kazi. Wengi hudhani kumficha mtu ni kumbadilishia jina. Jina si kitu. Siku yake ndiyo inayomtaja. Sensa ya 2022 ililihesabia Jiji la Mbeya zaidi ya watu laki tano, idadi inayoonekana kama msitu wa kujifichia. Lakini ukisema fundi cherehani, kisha anayeimba alto, kisha anayeishi Uyole na kushukia Kabwe kila asubuhi, umebakiza mtu mmoja, na majirani watamjua kabla hawajafika aya ya pili. Mambo matatu yakikutana hutosha. Kwa hiyo kila simulizi hupitiwa mstari kwa mstari: kazi, mtaa, dhehebu, ulemavu, idadi ya watoto, kovu, rangi ya baiskeli. Linalobeba maana hubaki. Linalomtambulisha bila kubeba maana huondolewa au hufifishwa: "Uyole" ikawa "pembeni mwa mji", "cherehani" ikabaki iwapo siku nzima inazunguka hiyo cherehani.

Kuondoa ni salama kuliko kubadilisha. Ukimhamisha mtu wa Tukuyu ukamweka Makambako, migomba na mvua ya kila wiki haihami naye. Msomaji wa Makambako, mwenye upepo wake na alizeti zake, atajua mara moja kuwa amedanganywa, na ataacha kuamini yote yaliyobaki. Jina la bandia nalo liwe la dunia nzima. Ukichagua la ukoo linaloanza na Mwa- umeshamrudisha Rungwe au Kyela.

Sheria ijulikane kabla ya simu kuwashwa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo la ngono kinacholiita la kinyume cha maumbile, kwa kifungo kisichopungua miaka 30 na kinachoweza kufika maisha. Kinahusu tendo, si mavazi wala jina la mtu, lakini anayepekua simu ya mtu hana subira ya kutofautisha. Maswali ya chumbani hayaulizwi kabisa. Msimuliaji akiyataja mwenyewe, kipande hicho hukatwa kwenye sauti siku hiyohiyo, yeye akiwa anasikiliza. Aliye chini ya miaka 18 harekodiwi. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka mkusanyaji aseme kusudi lake na asichukue zaidi ya kinachohitajika. Ni kanuni nzuri hata isingekuwa sheria.

Ridhaa huombwa mara tatu: kabla ya kurekodi, mara baada ya kumaliza, na tena msimuliaji akishasomewa maandishi yaliyofifishwa. Ya tatu ndiyo ya kweli, kwa sababu hapo ndipo anapoliona linalotoka. Usimsainishe karatasi wala dole gumba. Rundo la fomu zenye saini ni orodha ya majina, na orodha ya majina ndiyo kitu kimoja ambacho kazi hii haipaswi kukizaa. Ridhaa hutamkwa kwa sauti kwenye faili la peke yake, bila jina. Isiombwe mbele ya rafiki aliyemleta. Mtu huona haya kukataa mbele ya aliyemuunganisha. Nauli hulipwa taslimu, maana muamala wa simu huacha majina mawili na tarehe. Na iwe nauli tu. Pesa ikizidi, simulizi nazo huanza kunenepa.

Mahali pa kukutania: gesti hapana, ina daftari la wageni, na watu wawili waliojifungia chumbani mchana huzua maneno. Hotelini kwenye chai kuna masikio. Panapofaa ni pale ambapo watu wawili kukaa muda mrefu si habari: chumba cha fundi baada ya kufunga kazi, bustani ya mboga, nyumba ya mtu anayeaminika. Kisha angalia juu. Mvua ya Tukuyu kwenye bati lisilo na dari hufuta mahojiano yote, na hakuna programu itakayoyarudisha. Masika huku mvua nyingi huanguka mchana kwenda jioni, hivyo rekodi asubuhi. Chumba cha saruji tupu hutoa mwangwi. Tandika blanketi mezani na jingine lining'inie ukutani nyuma ya msimuliaji. Mablanketi, ashukuriwe Mungu, huku hayakosekani.

Simu ikae sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, ikiwa imezimiwa mtandao, na kunakili kwenda mtandaoni kuwe kumefungwa tangu jana yake. Hilo la pili husahaulika kuliko yote, na sauti hupanda zenyewe usiku kwenye akaunti ambayo mdogo wako naye anaifungua. Faili la WAV la sauti ya njia moja hula takriban megabaiti 300 kwa saa, kwa hiyo hakikisha kuna nafasi. Dakika 60 hadi 90 zinatosha. Baada ya hapo watu wote wawili huanza kusema yanayotarajiwa.

Swali la kwanza si "ulijijua lini". Ni "jana uliamka saa ngapi?" Kisha fuata saa za jana moja baada ya nyingine: saa kumi na mbili, saa tatu, saa saba, magharibi. Jana ina mipaka, na mtu hawezi kuipamba sana. Akiruka saa mbili nzima, usimvute; huenda ndimo lilimo lile asilotaka kusema. Muulize pia mapema: "Hapa ndani nikuiteje, na nje nikuiteje?" Mara nyingi ni majina mawili tofauti, na kukosea hilo la nje mbele ya jirani ni madhara yasiyorekebishika. Akilia, zima, chemsha chai. Mshauri wa kumpeleka awe ameshajulikana kabla, si kutafutwa siku hiyo.

Saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuiandika, na zaidi kama anachanganya Kiswahili na Kinyakyusa au Kihehe. Asipewe mtu wa steshenari kuichapa. Sauti ikihitajika kusikika hadharani, isomwe upya na mtu mwingine. Kuikoroga kwa programu ili iwe nzito au nyembamba hurudishwa ilivyokuwa kwa programu hiyohiyo. Picha za mikono, za cherehani, za chungu zinaruhusiwa, ila zima utambuzi wa mahali kwenye kamera: picha inayotumwa kama dokumenti huweza kubeba hadi nukta ya ramani ilipopigiwa.

Kuhusu lugha, Kiswahili kina bahati yake. "Alikuja, akakaa, akanywa chai": hatujui ni nani, na hatudaiwi kujua. Jinsia huingia kwa mlango mwingine, wa kaka, dada, shangazi, shemeji, mama fulani. Haya usiyasawazishe. Kama konda alimwita "dada" na mama ntilie akamwita "mwanangu", yaache yote mawili, maana tofauti hiyo ndiyo siku yenyewe. Ndugu, neno la zama za Mwalimu Nyerere na kadi ya chama, wengine wamelirudia kwa sababu halichagui upande. Taabu huja wakati wa kutafsiri kwenda Kiingereza, ambako kila "a-" hudai uamuzi. Mfasiri asiamue peke yake; msimuliaji aulizwe, na jibu liandikwe juu ya ukurasa wa kwanza.

Watunza kumbukumbu kwa kawaida hushauri nakala tatu au zaidi. Kwa simulizi hizi mbili zinatosha, zote zikiwa zimefungwa kwa nywila ndefu, kwenye nyumba mbili tofauti, na ufunguo unaounganisha namba ya simulizi na mtu ukikaa mahali pa tatu, au usiwepo kabisa. Msimuliaji apewe tarehe: mpaka siku hii unaweza kusema futa, na tutafuta; ikishatoka mtandaoni hatuwezi kuiita irudi. Akisema futa, futa na kwenye kapu la takataka la simu, maana huko faili hukaa wiki kadhaa likingoja kufufuliwa, na kwenye maongezi ya WhatsApp ilikopitia, na kwenye daftari ulilonukuu dondoo. Asiulizwe sababu.