Ethi na bondingi: kwa nini bomba la maji hufungwa waya wa kijani

Kuna nyumba ambazo ukitaka kuoga unaambiwa kwanza uvae ndala. Si kwa sababu ya utelezi; bomba linapiga shoti. Wenyeji wameshazoea, wanafungua maji kwa ncha ya kidole au kwa kitambaa, na siku zinapita. Ndala zile za mpira zimebebeshwa kazi ya waya wa kijani wenye mstari wa njano, ambao ama haukufungwa au ulikatika zamani. Na kwa kweli si waya mmoja. Ni nyaya za aina mbili zenye kazi mbili, ila rangi yake ni moja na mafundi wengi huziita zote ethi.

Ethi yenyewe ni ya vifaa. Friji, pasi, jiko, hita ya maji: vyote vina gamba la chuma, na ndani yake unapita waya wa moto wenye volti 230. Ganda la waya huo likichubuka na shaba ikagusa gamba, gamba zima linakuwa na umeme, na kifaa kinaweza kuendelea kufanya kazi kama kawaida. Ndiyo maana waya wa ethi hupuuzwa sana. Fundi akiuacha unaning'inia nyuma ya shawa ya umeme, maji yatapata moto vilevile na mwenye nyumba atalipa akiwa ameridhika.

Ukiwa umefungwa, waya huo unatoka kwenye gamba la kifaa, unapita pini ya juu ya plagi, unafika kwenye boksi la umeme, kisha unashuka hadi kwenye nondo iliyopigwa ardhini nje ya nyumba. Pini ile ya juu imefanywa ndefu kuliko wenzake makusudi, ili ethi ishike kabla ya umeme kuingia na iachie mwisho. (Wale tunaochokonoa tundu la juu kwa kalamu ili tuchomeke chaja ya pini mbili, tunajijua.)

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Husemwa kwamba umeme ukishuka ardhini unakufa. Haufi. Unatafuta njia ya kurudi kwenye transfoma iliyoutoa, ambako nako kuna nondo yake, na udongo ulio kati ya nondo hizo mbili haupitishi umeme kwa wepesi. Tuseme nondo ya nyumbani ina ukinzani wa ohmu 50 na ile ya transfoma ohmu 20. Gawa 230 kwa 70, unapata ampea 3 na kidogo. Breka ya jiko ya ampea 32 haitashtuka kwa kiasi hicho. Kwake ni kama mtu amewasha taa kadhaa. Umeme utaendelea kuvuja, na muda wote huo gamba la kifaa litakuwa na volti kama 164 ukilinganisha na ardhi. Mkaa na chumvi ambavyo watu humwaga kwenye shimo la nondo husaidia kwa muda, lakini mvua huiosha chumvi, na chumvi hiyohiyo huila nondo.

Ndiyo sababu nyumba inayotegemea nondo yake inahitaji pia kifaa kinachouzwa kwa jina la RCD. Hicho hakipimi wingi wa umeme. Kinalinganisha unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 kinakata.

Sasa turudi bafuni. Bomba la chuma linaloingia ndani kutoka kwenye mtaro limelala udongoni mita nyingi, kwa hiyo limeshika hali ya ardhi: sifuri. Hita iliyo juu yake, siku ikiharibika, ina volti 164. Hatari kubwa ni pale unapokuwa wewe daraja lao, mkono mmoja huku na mwingine kule, mwili umelowa. Mwili uliolowa ukiwa na ukinzani wa ohmu 1,000 hivi, zitapita miliampea zaidi ya 150 kifuani. Moyo hauhitaji hata nusu yake kusimama.

Bondingi ni kulifunga bomba hilo kwa waya mnene wa shaba hadi kwenye sehemu ileile inapokutania ethi ya nyumba. Kazi yake kuu si kuupeleka umeme ardhini. Ni kuhakikisha kwamba hita ikipanda volti, bomba nalo linapanda. Mtu anayeshuka kwenye mashua Unguja maji yakiwa yanacheza anaelewa: hatari haiko mashuani wala gatini, iko pale mguu mmoja ukiwa huku na mwingine kule. Bondingi inakuweka miguu yote miwili mashuani.

Kanuni za Uingereza, ambazo ufungaji wa umeme wa Afrika Mashariki umezifuata kwa muda mrefu, zinataka bomba lifungwe pale linapoingia nyumbani, ikiwezekana ndani ya milimita 600, kabla halijagawanyika. Kama kuna mita ya maji, klampu, yaani kibanio kinachoshika waya kwenye bomba, inakaa upande wa nyumba, ili mita ikiondolewa uunganisho usikatike. Waya wa milimita 10 za mraba ndio unaotumika sana. Ule wa soketi, wa 2.5, ni mwembamba mno. Bomba la gesi la chuma linafuata utaratibu huohuo.

Kulifunga bomba si sawa na kulifanya ndiyo ethi ya nyumba. Zamani watu walifanya hivyo, na Uingereza ilikataza mwaka 1966 bomba la maji ya mji kutegemewa peke yake. Sababu ilikuwa mabomba ya plastiki: mamlaka ya maji ikibadilisha kipande kimoja barabarani, nyumba nzima inabaki bila ethi na hakuna atakayejua. Marekani bado hulitumia bomba la chuma lililolala ardhini angalau mita 3, lakini huongezea nondo au kitu kingine cha kulisaidia.

Na plastiki? Kama maji yako yanaingia kwa polipaipu na ndani umetandaza mabomba ya plastiki ya PPR, hakuna cha kufunga. Koki ya chuma iliyo mwisho wa bomba la plastiki haijashika hali ya ardhi, na ukiifunga waya unaweza kuipelekea hitilafu ambayo isingeifikia. Penye shaka, fundi hupima ukinzani kati ya chuma hicho na ethi ya nyumba. Ukizidi ohmu 22,000 au hivyo, huachwa. Hesabu yake ni fupi: volti 230 kwa miliampea 10, kiwango ambacho misuli huanza kushindwa kuachia, ni ohmu 23,000, toa 1,000 za mwili wa mtu.

Nyumba zenye taabu ni zile za katikati, chuma cha zamani kilichoungwa plastiki vipande vipande kadiri kilivyooza. Humo klampu inaweza kuonekana imekaza vizuri kwenye bomba la uani, na bomba la bafuni likawa halijaungana na chochote. Fundi asiishie kuitazama klampu. Apime bomba la bafuni lenyewe.