Moshi wa fundi wa Mwanjelwa, ila ndani ya maji

Ukipita Mwanjelwa kwa mafundi wa kuchomelea, siku fundi anaunga bomba la galvanaizi utaona moshi mweupe mzito unapanda, alafu vinabaki vitu kama nyuzi za pamba vinaelea na kutua kwenye nywele zake. Ule sio moshi wa chuma. Ni zinki iliyopakwa juu ya bomba, yenyewe inachemka kwenye nyuzijoto 907 za Selsiasi tu, wakati huo chuma hakijaanza hata kuyeyuka, kwa hiyo mvuke wake unatoka, unakutana na oksijeni ya hewani na kugeuka oksaidi ya zinki, chembe ndogo mno, zingine za saizi ya nanomita. Nanomita chukua milimita moja uikate vipande milioni.

Yaani fundi wetu anatengeneza chembe nano kila siku, shida ni kwamba anazivuta. Jioni anatetemeka, homa, mdomoni ladha ya chuma, anadhani ni malaria, kesho kutwa yuko kazini kama hakuna kitu. Wanaambiana wanywe maziwa. Maziwa ni chakula kizuri tu ila hayaendi mapafuni bana, cha kufanya ni kuondoa ile zinki kabla ya kuchomelea, kuvaa barakoa ya maana, na kufanyia kazi penye upepo.

Sasa kitu hicho hicho ukikifanyia ndani ya maji, hakuna wa kuvuta. Unalaza kipande cha zinki chini ya kikombe cha kioo, unaweka maji yafunike kama nusu sentimita, unakielekezea leza kutoka juu. Basi. Hakuna kemikali nyingine.

Leza yenyewe haiwaki mfululizo kama tochi, inapiga mapigo. Ya kawaida ya maabara pigo moja linaweza kubeba jouli 0.1, haitoshi hata kuchemsha tone la maji, lakini zote zinamwagika ndani ya nanosekunde 10 (sekunde moja uikate vipande bilioni, uchukue kumi), na ukipiga hesabu hapo unapata megawati 10. Mtera nzima, lile bwawa la umeme, ni megawati 80. Kwa hiyo kadoa kasikofika milimita moja kanapokea moja ya nane ya Mtera, kwa muda mfupi kiasi kwamba huwezi kuuhisi, na kwa kuwa inapiga mara 10 tu kwa sekunde wastani wa mwanga wake ni wati 1, chaja ya simu yako inaizidi.

Pale zinki haina muda wa kuyeyuka taratibu, inalipuka kuwa plazma, yaani gesi yenye chaji ya umeme, ya maelfu ya nyuzijoto. Hewani ingesambaa, ila maji yanaikandamiza na kuipoza haraka, kunatokea kiputo kinachovimba na kujifunga ndani ya sehemu ndogo tu ya milisekunde, na humo ndo chembe nyingi zinazaliwa, alafu oksijeni zinaichukua kwenye maji yenyewe. Ukiwa karibu unasikia ta-ta-ta-ta kama mahindi ya bisi yanaanza kupasuka. Baada ya dakika kadhaa maji yanakuwa kama yaliyooshewa mchele wa Kyela. Zima taa, mulika: mwanga unaonekana mstari mzima ndani ya kikombe, vile taa za gari zinavyoonekana ukipita Isongole alfajiri kwenye ukungu.

Mara ya kwanza mimi niliona maji ya distili ni ubahili wa watu wa maabara, nikatumia ya bomba. Asubuhi chembe zote zimeganda chini kama uji uliosahaulika. Chumvi za maji ya bomba zinaziondolea ule msukumano wa chaji unaozitenganisha, kwa hiyo zinakumbatiana na kuzama, siku nzima ya kazi ikaenda.

Na macho! Leza hii, ambayo wimbi la mwanga wake lina urefu wa nanomita 1064, haionekani, ila inapenya hadi nyuma ya jicho, kwa hiyo miwani yake maalumu lazima, na pete au saa unavua maana zinarudisha mwanga.

Nilipoeleza haya mkulima mmoja wa mpunga akaniuliza, mwalimu, sisi mashamba yetu tunaambiwa yana upungufu wa zinki, si mtuletee hiyo? Swali zuri. Leza ndogo ikikupa miligramu 10 kwa saa, kilo moja utaipata baada ya miaka 11 na ushee bila kuzima, na hapo TANESCO hawajakata. Wajerumani wa Chuo Kikuu cha Duisburg-Essen mwaka 2016 walifikisha gramu 4 kwa saa za chembe za metali, lakini kwa leza ya wati 500 ambayo bei yake hata sisi tunaisoma tu.

Akasema, sasa mnatengeneza ya nini? Nikamwambia ni usafi. Chembe za njia ya kemikali mara nyingi zinabaki na mabaki ya dawa zilizotumika, kwa hiyo ukizijaribu kwa bakteria wakafa hujui kama wameuliwa na chembe au na mabaki. Hizi hazina cha kusingiziwa. Ndo maana zinafaa kwa vipimo, kwa vihisio vya gesi, na kwa kujaribia mambo kama mafuta ya kuzuia jua ya ndugu zetu wenye ualbino, maana oksaidi ya zinki inameza ile miale ya jua inayounguza ngozi.

Akacheka, akasema basi yeye anaisubiri ya Wajerumani ishuke bei.