Bossa nova si jazz iliyopunguzwa mwendo

Juzi tena mwanafunzi mpya kafungua mkoba wa gitaa, akaniambia anataka kujifunza "ile jazz ya Brazili ya polepole". Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno.

Muziki anaousema ni bossa nova, na bossa nova ni samba, ule muziki wa ngoma wa Brazili. Mtunzi wake mkuu, Antônio Carlos Jobim, mzaliwa wa Rio de Janeiro, 1927, alianza kwa kupiga piano kwenye kumbi za usiku za mji huohuo. Mwimbaji na mpiga gitaa João Gilberto alirekodi wimbo wa Jobim, "Chega de Saudade", mwaka 1958, miaka minne kabla Mmarekani wa jazz, Stan Getz, hajaupigia saksafoni muziki huu. Shika gitaa uhakikishe mwenyewe: kidole gumba kinafanya kazi ya surdo, ile ngoma kubwa ya samba, na vidole vingine vinajibu kama tamborim, kile kigoma chake kidogo, mara vikiliwahi pigo, mara vikilichelewa. Ndiyo maana kwangu hakuna kugusa kodi ngumu (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja) mpaka gumba litulie, hata ichukue wiki nzima. Wananuna, sibadiliki.

Basi watasema, "Lakini kodi zenyewe ni za jazz." Jobim alifundishwa na Mjerumani, Hans-Joachim Koellreutter, na aliwapenda sana watunzi wa muziki wa klasiki: Debussy, Chopin na Villa-Lobos. Sikiliza "Samba de Uma Nota Só", yaani samba ya noti moja tu: mwimbaji kang'ang'ania noti moja, huku chini yake kodi zinashuka nusu toni, nusu toni. Noti ni ileile, ila kila kodi ikigeuka, unaisikia upya. Jazz aliisikiliza, sikatai. Lakini Wamarekani ndio waliomfuata, hadi mwimbaji wao Frank Sinatra akatoa naye albamu mwaka 1967.

Eti ni muziki mwepesi? Jaribu kuimba ule wa noti moja bila kupoteza mapigo, kisha tuzungumze.

Eti wimbo wake "Garota de Ipanema", yaani msichana wa Ipanema, uliandikwa palepale baa? Msichana alikuwa akipita mbele ya baa ya Veloso, ni kweli. Muziki Jobim aliutunga nyumbani kwenye piano, na maneno mshairi Vinicius de Moraes aliyaandika mji mwingine, Petrópolis.

Na kwenye Getz/Gilberto, albamu ya Stan Getz na João Gilberto, gitaa ni la João, si la Jobim. Jobim yuko kwenye piano. Kwenye wimbo huo wa Ipanema, ngoja saksafoni inyamaze: anaingia yeye, noti chache tu, na nafasi kubwa katikati yake.