Dengu za mbugani: somo la udongo nililofundishwa nikiwa BTP Magu

Vijana wanaopangiwa kwangu kwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya walimu wanafunzi, huniuliza jambo moja kabla hata ya kuulizia chumba cha kupanga: madam, Kilimo tutakifundishaje na mvua haipo? Wana haki ya kuuliza. Mazoezi ya kufundisha mara nyingi huangukia Julai hadi Septemba, na huku kwetu kando ya Ziwa Victoria masika huwa yamekatika tangu Mei. Shamba la shule lina mabua tu.

Nami nilifika Magu, Mwanza, na swali hilohilo, nikitokea SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, na begi la karatasi za manila zilizochorwa vizuri. Somo langu la kwanza, Kidato cha Pili, lilikuwa aina za udongo: kichanga, tifutifu, mfinyanzi. Nilieleza kwa Kiingereza kama inavyotakiwa sekondari, nikaandika ubaoni, wakanakili. Dakika 40 zikaisha bila mtoto hata mmoja kuuliza kitu. Kwenye andalio la somo, sehemu ya tathmini, nikaweka sentensi tuliyozoea wote, kwamba somo limeeleweka.

Mwalimu mlezi wangu, mzee aliyekuwa anakaribia kustaafu, alisoma andalio lile akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umejuaje kama limeeleweka?" Sikuwa na jibu. Akasema kesho yake nina vipindi viwili mfululizo, basi niwapandishe watoto hadi kwenye mawe, kisha tuteremke nao hadi mbugani. Manila niziache ofisini.

Anayeijua Usukuma anaijua sura ile: juu mawe ya itale, chini yake mteremko wa mchanga, halafu uwanda mgumu, na mwisho, bondeni, mbuga nyeusi ya mfinyanzi. Tulipofika chini kidogo ya mawe nikawauliza, "Hapa tuliposimama, nyumbani mnapaitaje?" Darasa lililokuwa kimya jana yake likajibu kwa pamoja: luseni! Tukashuka. Itogolo! Tukashuka tena. Mbuga! Binti mmoja akaniongezea ibushi, udongo wenye chokaa, akanyoosha mkono kunionyesha uliko.

Hapo ndipo nilipoanza kufundisha. Itale likichakaa kwa jua na mvua huacha chembe nene. Hizo hubaki juu, ndiyo luseni: nyepesi kwa jembe, maji hupita upesi, mahali pa muhogo, karanga na matuta ya viazi vitamu ambavyo akina mama huvikata na kuvianika viwe michembe. Chembe laini hubebwa na maji hadi bondeni. Itogolo ya katikati ina tabaka gumu chini, maji hayapenyi. Mgeni angeiona ardhi iliyokufa. Wasukuma waliizungushia kingo wakapata majaruba, na ugumu uleule ndio unaoushikia mpunga maji. Mpangilio huu wa udongo unaobadilika kadiri unavyoshuka mlima wanasayansi huuita katena, neno lililoletwa mwaka 1935 na Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, hapahapa Tanganyika. Wanafunzi wangu walikuwa na jina la kila ngazi yake, na mimi nilikuwa nimekuja kuwafundisha ngazi hizo kwa picha.

Mbugani tukakuta dengu. Bado za kijani, na mvua ilikuwa imekatika karibu miezi miwili. Nikauliza zinaishije. Kijana aliyekuwa akikaa nyuma kabisa darasani akasema, "Madam, mbuga inatunza maji. Sisi tunapanda masika yakiishia, dengu inakunywa ya chini." Ni sahihi kabisa. Mfinyanzi mweusi huvimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka, ila ndani hushikilia unyevu muda mrefu, na mizizi ya dengu huufuata chini. Yule kijana alikuwa ameshajibu swali langu la kiangazi.

Tuliporudi tulilowesha udongo kidogo viganjani. Wa luseni haukukubali kushikana. Wa mbuga ulifinyangika kama uzi, ukakunjwa hadi ukawa pete. Mwingine tuliutia kwenye chupa za maji za lita 1, tukatikisa, tukaziacha dirishani: mchanga ulitua ndani ya dakika moja hivi, tope laini baada ya saa kadhaa, na maji ya chupa ya mbuga yalikuwa bado na ukungu kesho yake.

Jembe lilinichukua muda mrefu zaidi. Shuleni pale mchelewaji alipewa kipande alime. Aliyepiga kelele, kipande. Na vipande vyenyewe vilikuwa ndani ya shamba la somo langu. Mtoto umemwadhibu kwa jembe asubuhi, saa nne utamwambiaje kuwa jembe ni taaluma? Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba na waone wenyewe matunda ya kazi yao. Tumebakiza jembe, tukayaacha maamuzi. Mwalimu wa mazoezi hana sauti kubwa ofisini, lakini nilimwendea mwalimu wa nidhamu nikamwomba shamba la somo lisiwe mahali pa adhabu. Alikubali siku ya tatu.

Basi nikawaachia watoto waamue. Walibishana kipindi kizima. Nyanya ina bei, ila inataka kama miezi mitatu, nami nilibakiza wiki 5. Wakachagua mchicha, kwenye vitalu vya kuzama ili maji yasikimbie. Mmoja alitaka tukalime ufukweni kabisa, ndipo tukazungumzia Sheria ya Mazingira ya 2004 na mita 60 zinazolindwa kando ya maji. Wakapangiana zamu za ndoo, wakafungua daftari la mapato na matumizi.

Tathmini zangu nazo zilibadilika. "Wanafunzi 11 kati ya 43 hawajatofautisha itogolo na mbuga. Nirudie, udongo ukiwa mkononi." Msimamizi wa chuo alipokuja, alizisoma hizo kabla ya kuingia darasani.

Mtaala ulioanza kutekelezwa 2024 umekiweka Kilimo katika mkondo wa amali, na nimeufurahia kwa moyo wote. Hofu yangu ni vile vipande vya adhabu kurudi.

Mwaka huu napokea walimu wawili. Nimewatumia ujumbe: njooni na viatu vya kutembelea, manila tutazichora pamoja tukishatoka mbugani.