Pampu Haijafa: Dhana Potofu Kuhusu Dizeli Katika Trekta Kuukuu

Machi ikifika, kuanzia Ganda na Jilore, huku kwetu Malindi, hadi ng'ambo ya Mto Sabaki, kila mwenye trekta anasakwa, maana shamba lataka kulimwa kabla masika hayajashika. Hapo ndipo trekta la Massey Ferguson 135 (MF 135) lililolala tangu vuli chini ya mkorosho hukataa kuwaka, au huwaka ikazima katikati ya shamba. Hukumu haikawii: "Pampu imekufa." Injekta pampu, ile inayosukuma dizeli kwa shinikizo kuelekea silinda, hung'olewa, hupelekwa Mombasa kupimwa, na mvua inawakuta watu bado wanasubiri. Mara nyingi pampu ilikuwa nzima. Dizeli hupita kwenye tangi, kikombe cha uchafu, lifti pampu (pampu ndogo inayoisogeza kutoka tangini) na filta kabla ya kufika injekta pampu na nozo (midomo inayoipuliza ndani ya silinda), na hitilafu nyingi hukaa huko mwanzoni, mahali ambapo mkulima anaweza kukagua mwenyewe.

Dhana: Trekta likikataa kuwaka, injekta pampu imekufa

Mwambie mtu apige stata, nawe uangalie ekzosi. Ikiwa hakuna moshi hata kidogo, dizeli haifiki kwenye silinda. Ukitoka moshi mweupe, dizeli inafika lakini haiungui. Hapo chunguza betri, mwendo wa stata, kompresheni na taimingi, wala usiguse mabomba.

Kama hakuna moshi, anza na kebo ya kuzimia injini. Hewa ya chumvi ya pwani huila kebo hii kwa kutu, ikakwama nusu njia: kitufe umekisukuma ndani, lakini kule kwenye pampu mkono haujarudi. Urudishe kwa kidole kisha ujaribu tena. Baadaye fuata dizeli inakopita. Fungua bomba linaloingia lifti pampu. Katika MF 135 tangi liko juu, kwa hiyo dizeli inapaswa kumwagika mfululizo. Ikidondoka tone moja moja, koki, kichujio cha ndani ya tangi au kikombe kimeziba. Ikimwagika vizuri, rudisha bomba, ufungue la upande wa kutokea, na usukume ule mkono mdogo wa lifti pampu: dizeli iruke kwa nguvu kila unaposukuma. Mkono ukiwa mwepesi usio na kazi, usiseme kiwambo cha ndani ya lifti pampu kimepasuka. Huenda kemu, ile nundu ya injini inayoiendesha lifti pampu, imesimama na kuubana. Zungusha injini mzunguko mmoja kamili, ujaribu upya.

Injekta pampu hushukiwa tu pale dizeli safi isiyo na hewa inapoingia kwa wingi, kebo iko huru, na bado hakuna kitu kinachotoka kwenye mabomba ya nozo unapopiga stata.

Dhana: Bomba lisilovuja haliwezi kuingiza hewa

Hii ndiyo inayopoteza siku nyingi kuliko zote. Mahali pampu inapovuta, ufa mdogo hautoi dizeli nje bali huvuta hewa ndani, na bomba kwa nje ni kavu kabisa. Matrekta ambayo tangi lake liko chini ya lifti pampu ndiyo huugua zaidi, lakini hata yenye tangi juu hayasalimiki filta ikianza kuziba, kwa sababu injekta pampu za mzunguko kama CAV DPA zina pampu ndogo ndani inayovuta dizeli kupitia filta. Dalili yake: trekta linawaka, linanguruma dakika mbili tatu, linapanda na kushuka, linazima. Ukilitoa hewa linawaka tena, kisha mambo ni yale yale.

Kagua raba ya filta, gasketi ya kikombe na washa za shaba. Washa iliyokwisha kubanwa mara kadhaa imekuwa ngumu, haizibi tena. Kama dukani hakuna, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, uitumbukize majini. Shaba hulainika, na utaifuta masizi kabla ya kuirudisha. Ili kuona hewa kwa macho, funga kwa muda kipande cha mpira mwangavu kati ya filta na injekta pampu. Mapovu yakipita, tundu liko nyuma yake, upande wa kutokea tangini.

Liangalie pia tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi. Nyigu hulijaza udongo, au mtu hufunika tangi kwa mfuko wa plastiki. Trekta hufanya kazi nusu saa, huzima, na ukifungua kifuniko unasikia hewa ikivutwa ndani.

Dhana: Kutoa hewa ni kulegeza mabomba ya nozo na kupiga stata

Ukifanya hivyo utamaliza betri. Hewa hufukuzwa kutoka nyuma kuja mbele, kwa mpangilio. Kwa DPA: jaza tangi walau nusu na ufungue koki. Legeza skrubu ya hewa juu ya filta, sukuma mkono wa lifti pampu mpaka dizeli itoke bila povu, kisha kaza huku dizeli ikiendelea kutoka. Kwenye injekta pampu legeza skrubu mbili, moja ubavuni na moja juu kwenye nyumba ya gavana (kidhibiti mwendo wa injini). Sukuma tena, ya chini ikitoa dizeli safi kaza, halafu ya juu. Mwisho, legeza nati za mabomba pale yanapoingia kwenye nozo, vuta mkono wa mafuta hadi mwisho, hakikisha kebo ya kuzimia iko ndani, na upige stata isiyozidi sekunde 15. Pumzisha dakika moja, rudia. Kila bomba linalotoa dizeli isiyo na povu, kaza nati yake.

Tumia spana za inchi. Za milimita hukaribia kuingia, lakini hula pembe za nati, na nati iliyoliwa pembe haikazwi sawasawa. Hiyo ni njia nyingine ya hewa.

Pampu za mstari, zile ndefu zenye plunja (pistoni ndogo ya kusukuma dizeli) kwa kila silinda, mpangilio wa skrubu zake ni tofauti, na nyingi zina oili yao kwenye chumba cha kemu. Isipokaguliwa, kemu husagika. DPA yenyewe hulainishwa na dizeli inayopita ndani, na hilo linatuleta kwenye uchafu.

Dhana: Filta ikioshwa kwa petroli inakuwa kama mpya, na leso yatosha kuchuja dizeli

Filta ya karatasi haioshwi. Petroli hulainisha gundi, na upepo wa kompresa hutoboa karatasi au kusukuma vumbi hadi upande safi, ambako halina kizuizi tena mpaka kwenye pampu. Sehemu za ndani ya pampu hupishana kwa nafasi ya mikroni chache tu. Chembe usiyoweza kuiona inatosha kuzikwaruza. Badilisha filta kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha trekta, na mapema zaidi kwenye vumbi la Magarini.

Leso huzuia majani na wadudu. Maji haiyazuii, na nyuzi zake huingia tangini. Njia salama ni kuliacha pipa la lita 200 litulie siku nzima likiwa limeinamishwa kidogo, uvute dizeli kutoka juu, na ile ya chini kabisa usiitumie. Weka sampuli kwenye chupa ya kioo: maji yatakaa chini, na dizeli yenye ukungu ina maji. Usitumie ndoo au bomba la mabati, kwani zinki huchanganyika na dizeli na kutengeneza ute unaoziba filta.

Jambo moja ambalo wengi wa huku Malindi hawalipi uzito: tangi lililoachwa nusu usiku kucha. Unyevu ulio ndani ya ile nafasi hugeuka matone, hushuka chini, na mpakani mwa maji na dizeli huota ute mweusi. Jaza tangi jioni, baada ya kazi. Asubuhi fungua kikombe na umwage kilichotuama.

Dhana: Mafuta ya taa huosha nozo

Hayaoshi. Hupunguza ulainishaji, na pampu inayotegemea dizeli kwa ulainishaji husagika. Zamani dizeli ilichanganywa na mafuta ya taa kwa kuwa yalikuwa rahisi. Mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kukomesha hilo. Usifanye mwenyewe, shambani kwako, kile ambacho sheria inajaribu kukukinga nacho.

Wapo pia wanaosema dizeli ya salfa kidogo, iliyoanza Afrika Mashariki Januari 2015, ndiyo inayoua pampu. Ni kweli kwamba usafishaji wa kuondoa salfa hupunguza ulainishaji wa asili, lakini dizeli hiyo huongezwa kiungo cha kulainisha kabla ya kuuzwa.

Dhana: Moshi mweusi ni nozo

Safisha kwanza chujio la hewa lenye oili. Likijaa tope la vumbi, injini hukosa pumzi na moshi huwa mweusi. Moshi ukiendelea, washa injini iende taratibu, ulegeze nati ya bomba la nozo moja, ukaze, uende nyingine. Silinda ambayo ukiikatia dizeli mlio haubadiliki ndiyo yenye kasoro. Nozo hiyo ipelekwe kupimwa, na ikirudishwa iwekewe washa mpya.

Hapo kuna hatari. Usipime mpulizo wa nozo wala ufa wa bomba kwa kiganja. Shinikizo la nozo ni zaidi ya bar 150, na dizeli hupenya ngozi kama sindano. Tumia kipande cha kadibodi, na miwani machoni. Mtu akichomwa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na daktari aambiwe ni dizeli ya shinikizo, hata kama kitundu ni kidogo, hakiumi na hakitoi damu.